Sentimita Sitini na Nane

Ramani ni ya shule, nimeiazima kwa siku tatu.
Imekunjwa mara nyingi hata Dodoma imetoboka.
Nimeitandaza juu ya meza ya kukatia nguo,
chumba cha mbele, Chikongola,
nikaikandamiza kwa pasi baridi na mkebe wa vifungo,
nikavuta futi kamba toka Mtwara hadi Bukoba.
Sitini na nane.
Sentimita moja ni kilomita ishirini, wameandika pembeni.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vitambaa:
elfu moja mia tatu na sitini.

Huyo ni ndege wa manyoya.
Ndege ya tiketi haiijui njia hiyo.

Uliniambia kwenye simu, Mfaume, huku unacheka:
"Saa mbili na robo tatu tu, mama Somoe,
kama rubani angenyoosha."
Angenyoosha!
Anayenyoosha hapa ni mimi, kwa chaki na rula,
na kitambaa hakikatwi kwa "kama".
Safari yenyewe imepinda mithili ya mshono wa mwanagenzi:
kwanza Dar, ukalale kwa shemeji Tandika,
kesho yake Mwanza, ukae kwenye kiti cha chuma
ukiomba mfuko wa korosho usizidi kilo,
jioni ndipo wakuteremshe kando ya ziwa.
Na nauli yake
ni sare arobaini na moja za shule, pamoja na kola.

Nikaitundika futi shingoni.
Kisha nikakumbuka: namba ile naijua.
Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wa mwaka jana,
mwezi uliopangiwa kazi huko.
*Somoe, gauni la Idi, bega hadi goti: 68.*
Kumbe umbali wote ule ulikuwa unaning'inia mlangoni
kwenye henga, maua ya njano, zipu mgongoni.

Nikamwita. Alikuwa uani anamenya ming'oko,
akaja na maganda vidoleni, nikamwambia simama wima.
Sabini na moja.
Nikapima tena, maana futi kuukuu huvutika.
Sabini na moja, na gotini pana kovu usilolijua.
Sentimita tatu, Mfaume. Kilomita sitini
mtoto amekwenda bila kutoka Chikongola,
na wala hazikuelekea kwako.

Basi usinitajie tena saa mbili na robo tatu.
Ramadhani hii nimeijua saa yenyewe.
Jua hutuacha sisi kwanza. Muadhini wetu anaadhini
nawe bado unaliona juu ya maji, umefunga,
na saa zetu za ukutani zinasema neno moja.
Dakika thelathini na nne.
Nilizihesabu Jumatatu, nikazihesabu tena Jumanne
nikidhani nimekosea.

Siku hizi nafanya hivi, usimwambie mama:
nafungua kwa tende moja na maji, nisiichelewe sunna,
uji wa pilipili manga naufunika kwa sahani.
Natunga uzi, napiga pindo la sketi ya mtu.
Somoe anauliza mbona huli, nasema wa moto.
Anaugusa mkebe kwa nje, ananitazama, hasemi kitu.
Simu ikilia, ukasema "hapa ndiyo kwanza wanaadhini,"
nafunua sahani.
Umeshaota utando. Naunywa hivyo hivyo,
nawe unakunywa wako, tunasikilizana tukimeza.

Ramani nairudisha kesho.
Gauni la Idi nimelikata sabini na moja,
maua mekundu safari hii, ya njano amesema ya kitoto.
Pindo nimeliacha pana kwa ndani, vidole vitatu,
la kuteremsha
endapo hutafika hadi mwakani.